Miligramu Nane za Kayenze

Alizileta ndani ya gazeti, gazeti ndani ya kanga:
bonge jeusi, kubwa kama ngumi ya mtoto.
"Hizi zilikuwa nyavu," alisema Bi Nyanjige.
"Mita mia sita. Walizichoma Kayenze
Jumanne, saa nne asubuhi, watu wanatazama.
Wakasema ni timba. Mimi timba sijawahi kuigusa.
Iulize mashine yako."

Mashine yangu ni mzani uliowekwa ndani ya tanuru,
jambo la ajabu ukilifikiria,
kama mtu apimwe uzito huku anapikwa.
Nikakwangua kwa wembe kipande,
miligramu nane,
nikakilaza kwenye kikombe kidogo kuliko ganda la njugu,
nikafungulia naitrojeni.
Hatukutaka kuwasha. Kuwasha kulishafanyika.
Tulitaka kiachane chenyewe, taratibu,
bila oksijeni kudakia maneno.

Digrii kumi kila dakika.
Akakaa kwenye stuli karibu na mlango
akiutazama mstari kwenye kioo
kama anayesubiri jina lake liitwe Bugando.

Tulipofika mia moja, mstari ukainama kidogo.
"Kimeungua?"
Bado. Kinatoa maji.
Asilimia mbili na ushei: nailoni hunywa,
hata ikiwa bonge, hata ikishapita motoni,
huirudia hewa na kunywa tena.
Mfuko wa plastiki hauna kiu hiyo.
Akatabasamu. "Ziwa ndilo limetoka kwanza."
Sikumwambia kuwa huenda ni unyevu wa kanga yake.

Mia mbili, kimya. Mia mbili na hamsini, kimya,
mstari umenyooka kama reli ya Fela,
naye ananihesabia deni: alikopa Kirumba,
akalipa nusu kwa dagaa, nusu kwa cherehani ya dada yake.

Umeme ukakatika kwenye mia tatu na kumi.
Lugwisha akatukana kwa Kisukuma, akashuka kwenye jenereta.
Tukaanza upya. Kipande kingine, miligramu nane nyingine.

Mia nne.
Hapo nailoni huchoka.
Minyororo iliyoungwa kiwandani,
punje moja ikimshika mwenzake mkono, maelfu kwa maelfu,
huanza kuachiana,
na punje hurudi kuwa punje, hupaa mvuke:
kaprolaktamu, jina gumu
kwa kitu kinachorudi utotoni.
Mia nne arobaini na tano, mstari ukaporomoka.
Mia tano, umefika chini.
Kilichobaki ni asilimia moja, kijivu,
mchanga, nadhani, na labda gamba la sato.

"Haya. Sema."
Ni nailoni, Bi Nyanjige. Bila shaka yoyote.
Akapiga kofi moja la furaha
na mimi nikabaki na nusu ya pili ya sentensi mdomoni.

Timba pia ni nailoni.
Ileile. Punje zilezile, na zingeanguka
palepale, mia nne arobaini na tano.
Tofauti yake ni uzi: timba ni uzi mmoja mtupu, kama mshipi;
wavu halali ni nyuzi nyingi zilizosokotwa.
Tanuru hulijua tumbo la kitu,
halijui kilisokotwaje.
Aliyeweza kujua ni mwenye vidole viwili na macho,
Jumanne, kabla ya saa nne.

Hakujibu. Alikuwa analigeuzageuza lile bonge,
na kwenye mkunjo wake nikaona
ncha ya uzi, ndefu kama ukucha,
ambayo moto haukuifikia.
"Hadubini ipo," nikasema. "Ni dakika mbili tu."

Akaitazama ncha. Akanitazama mimi.
Akamtazama Lugwisha akijifuta dizeli mikononi.
Kisha akalifunga gazeti, na kanga juu ya gazeti,
fundo moja, fundo la pili.
"Gari la mwisho la Kayenze haliningoji," alisema.

Kwenye fomu niliandika: nailoni. Unyevu, mbili nukta moja.
Mabaki, moja.
Palipoandikwa Maoni
kalamu ilikaa muda mrefu, ikaacha kitone.